Kiti Alichokikataa Mama Mvuke

Pale kwa dobi tulikofanya kazi, meza yangu ya kukunjia nguo ilikuwa kando ya meza yake ya kupigia pasi. Kwa hiyo mengi ya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia mwenyewe huku akinyunyiza maji kwenye kola za watu. Tulimwita Mama Mvuke. Jina hilo alipewa na mwenye duka, na halikuja kwa sababu ya pasi peke yake. Alikuwa na mdomo usio na breki. Mteja akileta suruali yenye doa la wino na kusema ameikuta hivyo, Mama Mvuke humwambia, "Basi ikute hivyohivyo na ukija kuichukua."

Nguo tulizofua zilitoka upande wa juu wa mji, kwenye nyumba za mageti na bustani. Sisi tuliishi upande wa chini, ng'ambo ya reli, ambako mfereji wa maji machafu ulipita mbele ya milango na watoto walijifunza kuuruka kabla hawajajua kuhesabu. Mama Mvuke alikuwa na mume, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, na binti mmoja aliyekuwa akisuka nywele za watu kibarazani. Nyumba zetu ziligusana ukuta. Akikohoa kwao, mimi nasema pole kwangu.

Ugonjwa ulimwanza kwa kiu. Alikuja kazini na chupa kubwa ya maji, na kabla jua halijapanda ilikuwa tupu. Akaanza kwenda chooni mara kwa mara hadi mwenye duka akanung'unika.

"Wewe unakunywa maji au unajaza pipa?"

"Pipa lako lingekuwa linajaa, ungeshukuru," akamjibu.

Nikamsihi aende zahanati. Akaenda. Nesi wa pale, mama mmoja mwenye huruma aliyekuwa akifanya kazi ya watu wengi peke yake, akamsikiliza, kisha akavuta droo na kumwonyesha kimashine cha kupimia sukari.

"Mashine hii hapa," akamwambia. "Vijiti vyake ndio hatuna. Bila kijiti haisomi kitu."

"Vitakuja lini?"

"Tumeagiza, mama. Kama unaweza, nenda hospitali kubwa."

Hospitali kubwa ilikuwa upande wa juu. Kwenda huko ni kuamka na giza, kukaa kwenye foleni na kurudi jioni, na siku ya kazi imekwenda na maji. Akasema ataenda kazi zikipungua. Kazi hazikupungua. Akarudi zahanati mara ya pili, na ya tatu, na jibu likawa lile lile la kuagiza. Miguu ikaanza kumchomachoma kama imekanyaga upupu, halafu ikanyamaza kabisa. "Imelala," aliniambia. "Nayo ina haki yake. Nimeisimamisha miaka mingi."

Siku moja umeme ulikatika na nguo za harusi zilikuwa zinasubiriwa. Tukatoa pasi za mkaa. Tulikuwa tunapiga soga niliposikia harufu ya kitu kinachoungua, nikamwambia, "Umechoma shati la watu." Akanyanyua pasi. Shati lilikuwa jeupe, halina hata alama. Harufu ikazidi. Tukainama wote wawili kutazama chini ya meza, na pale, kati ya mkanda wa kiatu na ngozi ya mguu wake, kilikuwamo kipande cha kaa la moto, na moshi mwembamba unapanda.

Nikakipiga kwa kitambaa kikaanguka. Yeye alikuwa ameduwaa, akiutazama ule mguu kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie.

"Mbona sisikii?" akaniuliza kwa sauti ndogo. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile.

Kidonda hakikupona. Kilipoanza kubadilika rangi, mumewe alimpakia kwenye toroli lake la vyuma hadi barabarani, akatafuta gari, akampeleka hospitali kubwa. Huko wakaukata mguu chini ya goti.

Nilipokwenda kumwona, daktari alikuwa amesimama karibu na kitanda. Alikuwa kijana mpole, macho yamejaa usingizi. Alimweleza bila kumficha kwamba ni kisukari, kwamba kingejulikana mapema angepewa vidonge na kufundishwa kuitunza miguu yake, na huenda asingefika pale.

"Mapema nilikwenda," Mama Mvuke akasema. "Nilikwenda nikiwa natembea."

"Najua, mama. Wengi mnaoletwa hapa mnaniambia hivyohivyo."

Daktari alipoondoka, Mama Mvuke akaanza kuwauliza wagonjwa wenzake wanatoka wapi. Kitanda kwa kitanda, wodi nzima. Karibu wote walitoka ng'ambo yetu ya reli, na waliobaki walitoka mashambani. Hakuna aliyetoka upande wa juu, ambako hospitali yenyewe ilijengwa. Akamwita nesi wa wodi.

"Dada, watu wa huku juu wao hawapati sukari?"

"Wanapata sana, mama. Ila wao huambiwa ikiwa bado ndogo."

Aliniambia baadaye kwamba kukatwa mguu kulimuuma, lakini sentensi ile ndiyo iliyomkata maini.

Akarudi nyumbani na magongo. Mwenye duka alimwahidi kwamba meza yake itamsubiri, na wiki iliyofuata akaleta mpiga pasi mwingine, binti mkimya aliyechoma mifuko ya masuruali. Mama Mvuke akabaki kibarazani akimtazama binti yake akisuka. Kwenda chooni, ambako magongo yaliteleza, alibebwa mgongoni na mumewe, mtu mwenyewe si kijana tena, na nilikuwa nikimsikia ukutani akiguna kila anapoinuka.

Ndipo akaja kijana wa ofisi ya diwani. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, barabara zimeanza kumwagiwa kifusi. Kijana alikuwa na fulana mkononi, ina picha ya diwani kifuani, meno yote nje.

"Mama, umebahatika," akasema.

"Kwa lipi?"

"Mheshimiwa anagawa viti vya magurudumu uwanjani Jumamosi. Jina lako limo. Utavaa hii, utaitwa jukwaani, utasema asante, basi."

"Nikitaka kusema zaidi ya asante?"

Kijana akacheka. "Mama, ratiba imebana. Asante inatosha."

Aliposhika njia, nyumba ikagawanyika. Binti yake aliona ni mlango wa heri umefunguka. Mumewe aliikunja ile fulana vizuri na kuiweka juu ya sanduku, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa ni hotuba. Mama Mvuke akasema ataenda.

Jumamosi ile mahema meupe yalijaa uwanja, na spika zilipiga hadi mabati ya nyumba za jirani yakatetemeka. Mtangazaji akatueleza kwamba mwaka uliopita mheshimiwa alitoa viti kadhaa, na mwaka huu ameleta maradufu, na kwamba hayo ndiyo maendeleo. Tukapiga makofi. Viti vilipangwa mstari mmoja, vimefungwa riboni. Mama Mvuke alikuja na gauni lake mwenyewe, amelipiga pasi akiwa amekaa. Fulana aliiacha nyumbani. Kijana wa ofisi alimtolea macho, naye akajitia hamnazo.

Wakamwita. Mumewe na mwanamume mwingine wakamnyanyua hadi jukwaani. Diwani akamshika bega, wapiga picha wakasogea, akapewa kipaza sauti.

"Nashukuru kwa kuitwa," akasema. "Mheshimiwa, kabla sijakaa naomba nikuulize jambo."

"Uliza, mama yangu."

"Wewe umewahi kupimwa sukari?"

Diwani akatabasamu, akageukia watu. "Nimepimwa, mama. Afya kwanza."

"Ulipimiwa wapi?"

"Kwa daktari wangu."

"Daktari wako yuko upande gani wa reli?"

Uwanja ukaanza kuguna. Diwani akawa anacheka bado, lakini ni midomo tu.

"Zahanati yetu ile pale, nyuma ya hema lako," Mama Mvuke akaendelea. "Ina mashine, haina vijiti. Nilikwenda pale na miguu yangu miwili, nikaambiwa vimeagizwa. Nikaenda tena, vimeagizwa. Ungenipa kijiti kile, leo usingehangaika kunipa kiti."

Kipaza sauti kikazimwa. Waliokizima hawakumjua mwanamke yule. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akipiga soga kuzishinda mashine za kufulia, na sauti yake ilifika hadi kwa wauza karanga walioegemea ukuta wa nyuma.

"Tumeambiwa viti mwaka huu ni maradufu. Maana yake waliokatwa miguu nao ni maradufu. Hayo ni maendeleo ya nani? Nani alikaa ofisini akaona hii ni habari ya kupigiwa makofi? Kiti hiki sikitaki. Mpe mwingine, na atakayekipokea mimi simlaumu, ana shida yake. Lakini mimi usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Akamwashiria mumewe. Nilidhani mzee atasitasita. Alipanda, akampa mgongo kama kila siku, akamshusha, akampandisha kwenye toroli, wakaondoka kupitia katikati ya viti vya wageni.

Mtaani maneno yakawa mengi. Wako waliosema amewasemea, na wako waliosema hana shukrani na amewaharibia watu bahati. Aliyemchoma zaidi alikuwa binti yake.

"Mama, umesema vizuri sana," akamwambia jioni ile, machozi yanamlenga. "Lakini kiti kile hukumnyima mheshimiwa. Umeunyima mgongo wa baba."

Mama Mvuke akasogeza magongo yake pembeni. Niliona alivyotazama chini. Mvua zilipoanza na njia ikawa tope, aliniambia mwenyewe, "Kuna siku nakitamani kile kiti mpaka nakiota." Hakuwahi kujifanya kwamba kukataa ni kitu rahisi.

Aliyemaliza ugomvi ni mumewe. Alichukua kiti chakavu cha ofisini, magurudumu ya baiskeli mbili tofauti na mabomba ya kitanda, akachomelea hadi kibanda kizima kikanuka. Kiti kilichotoka kilikuwa kizito na kilivuta kushoto. "Kama mwenye duka," Mama Mvuke akasema alipokijaribu. "Unamwelekeza huku, yeye anakwenda kule." Lakini kilimpeleka alikotaka.

Wiki kadhaa zikapita, diwani akaja. Alikuja peke yake, bila kijana wake, akaruka mfereji na kusimama kibarazani. Tulikuwa tunachambua mboga. Akapewa kigoda.

"Mama, ulinivua nguo mbele za watu," akaanza.

"Pole. Na wewe ungenianika mimi na kisiki changu mbele ya hao hao."

Diwani akavuta pumzi. "Unadhani sijui habari ya vijiti? Najua. Lakini nisikilize. Nikisimama kwenye baraza la madiwani nikaomba jengo, wenzangu wanagonga meza. Jengo linaonekana, linafunguliwa, utepe unakatwa. Nikiomba vijiti vya kupimia na mtu wa kuzunguka kuwapima watu kabla hawajaugua, wananicheka. Mtu ambaye hakukatwa mguu haonekani, mama. Haji jukwaani kunishukuru. Wala mwenyewe hajui kama kuna kitu nimemfanyia."

Mama Mvuke akaacha kuchambua.

"Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya kweli niliyowahi kuyasikia kwako," akasema. "Basi hao wasioonekana nitawaleta mimi. Kikao cha bajeti ni lini?"

"Kiko wazi kwa wananchi, mwezi ujao. Ila hakuna anayekujaga."

"Mwaka huu watakuja."

Diwani akatazama mfereji, kisha akamtazama yeye, nadhani akijaribu kujua kama anatishwa au anasaidiwa. Sidhani kama alipata jibu. Aliaga akaondoka.

Mwezi ule Mama Mvuke aliusukuma kwenye magurudumu yale. Alipita kwa wafyatua matofali, kwa wauza viatu vya mitumba, kwenye foleni ya bomba la maji, msibani na sokoni. Sharti lake lilikuwa moja, na lilimshangaza kila mtu: alitaka watu wenye miguu yao yote. Waliokwisha kukatwa, alisema, baraza limekwisha kuwazoea. Alitaka wenye kiu isiyokatika, wenye ganzi nyayoni, wenye vichwa vinavyogonga, ambao wamewahi kuambiwa kwamba vimeagizwa. Niliwahi kumsikia akimwambia fundi mmoja wa matofali, mtu wa miraba minne, "Wewe unajiona jabali. Vua kiatu nikuchome na pini." Fundi hakuvua, lakini siku ya kikao alikuja.

Ukumbi wa baraza ulikuwa na mazulia na viti vya kuzunguka. Tulijipanga ukutani pande zote, watu wa rika zote, wengine na nguo za kazi. Mjadala uliokuwapo ulihusu kulijenga upya jukwaa la wageni pale uwanjani. Walijadili rangi ya paa. Mama Mvuke akanyoosha mkono, akaubakisha juu hadi mwenyekiti wa baraza akachoka kuupita kwa macho.

"Mama, una dakika chache tu."

"Sihitaji nyingi. Mwenyekiti, hawa unaowaona ukutani wote wana miguu yao. Naomba waheshimiwa muwatazame mmoja mmoja, muda wowote mnaoupenda. Mwakani mkija kugawa viti, hawa ndio watakaovikalia. Sasa chagueni. Mtawapima leo, au mtawabeba kesho?"

Mwenyekiti akagonga meza. "Tumekusikia. Suala litafanyiwa kazi. Wananchi wanaweza kutoka."

Hakuna aliyetoka. Hatukuwa tumepatana hivyo. Fundi wa matofali alibaki tu amesimama, na mimi nikaona aibu kutoka nikimwacha, na naona kila mtu alimwonea aibu mwenzake. Askari wa mlangoni akaitwa atutoe. Alipofika kwa mama mmoja muuza viatu, huyo akamwambia kwa upole, "Baba, na wewe unakaa kwetu. Njoo usimame hapa." Askari akatazama juu, akatazama chini, akarudi mlangoni kwake akasimama huko, ambako pia ni ukutani.

Hawakupiga kura siku ile. Tukarudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu diwani wetu aliinuka akasema anaunga mkono hoja ya wananchi wake. Wako waliosema alikuwa anatafuta kura. Mama Mvuke akasema, "Aitafute hapo hapo, ndipo ilipo."

Walichotoa kilikuwa pungufu ya tulichotaka. Vijiti kwa zahanati ya upande wetu, mashine ya presha, na nesi wa pili atakayezunguka masokoni na kwenye karakana. Jukwaa la uwanja nalo walilijenga, paa la bluu. Siku boksi la vijiti lilipofika, diwani alikuja na wapiga picha na, amini usiamini, alikuwa na utepe. Boksi lilifungwa utepe, utepe ukakatwa. Tulimtazama Mama Mvuke tukidhani atachemka.

"Mwacheni," akasema. "Apige picha mpaka achoke, mradi boksi lifunguliwe."

Nilikuwa kwenye foleni ya siku ya kwanza. Nilikutwa na presha, nikabishana na nesi kwamba mashine yake ni mbovu, akanipima tena, ikasoma vilevile. Fundi wa matofali alikuwa mzima kabisa, akaudhika, kana kwamba amesimama bure ukumbini. Binti wa Mama Mvuke alikuwa nyuma yangu. Kijiti chake kilipowekwa, nesi akakunja uso kidogo, akamwambia sukari imeanza kupanda. Binti akajishika kinywa. Machozi yakamtoka pale pale, akiutazama upindo wa gauni la mama yake ulioning'inia mtupu upande mmoja.

Mama yake hakumkumbatia. Alimsogezea kiti chake karibu, kikavuta kushoto, akakirudisha.

"Lia kwanza," akamwambia. "Halafu nawa uso tukamsikilize nesi. Kuna kazi ya kufanya na bado una nafasi ya kuifanya."

Na kazi ameifanya. Ana daftari kichwani la anachokula, anatembea asubuhi, anakagua nyayo zake kila anapooga. Mwaka wa pili sasa, na miguu yake inasikia hata jiwe dogo.

Vijiti viliisha kabla ya wakati. Nesi, kwa aibu, akatoa lile neno la kuagiza. Mama Mvuke hakusubiri alimalize. Asubuhi iliyofuata tulikwenda naye mpaka mlango mkuu wa baraza. Karani akatoka.

"Mama, leo hakuna kikao."

"Najua."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukaa, mpaka kiwepo."

Akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, katikati ya njia ya magari, akatoa kofia yake mfukoni akaivaa, kwa maana jua lilikuwa limeanza kuwaka. Gari la mwenyekiti wa baraza lilipofika halikupata pa kupita. Dereva akapiga honi. Mama Mvuke akamsalimu. Mwishowe mwenyekiti akafungua mlango, akashuka na viatu vyake vinavyong'aa, akaja kwa miguu hadi alipokuwa yeye.

"Shikamoo, mama," akasema. "Haya, niambie."

"Marahaba, mwanangu. Vimeisha. Na nikishamaliza hilo, tutazungumza habari ya mfereji."